Taya Yenye Nywele

Ukitaka kumwona Nekoye akikasirika asubuhi na mapema, kabla hata chai haijashuka kooni, mwambie gari lako lina spea mpya. Hilo tu linatosha. Atakutazama, ataweka spana chini, atapangusa mikono kwenye ovaroli, kisha atakuuliza swali ambalo ameiuliza Kawangware nzima kwa miaka tisa sasa: "Mpya ya mwaka gani?"

Hapo ndipo watu hukwama. Mwenye gari anajua bei ya petroli ya jana na ya leo, anajua askari wa trafiki wanajificha kona gani, anajua hata gari la jirani linakula mafuta kiasi gani. Lakini muulize umri wa ile taya, tairi la akiba lililolala ndani ya buti, chini ya mwavuli uliovunjika na mtungi wa maji, atakwambia, "Ah, hiyo ilikuja na gari. Haijawahi kuguza lami." Tena anasema kwa majivuno! Nekoye akisikia hivyo damu humchemka mpaka masikioni.

Wateja humwita Mama Mitchelle, kwa jina la binti yake aliye kidato cha pili. Kwao ni Bungoma. Hapa Nairobi wanaishi yeye na Mitchelle katika chumba kimoja Mashimoni, Kibera, na kila asubuhi anatoka kwa miguu hadi Kawangware, ambako ana kibanda cha pancha mbele ya ploti ya mzee Muigai. Kibanda chenyewe ni mabati machache, kompresa moja inayokohoa, jeki mbili, beseni la maji la kutafutia tundu, na taya za mtumba zilizoegeshwa ukutani. Kazi alifundishwa na kaka yake Wanzala, ambaye baadaye alirudi nyumbani kulima miwa akamwachia vyombo. Mwanzoni watu walicheka. Mwanamke afungue taya? Walicheka wakachoka, kisha wakaanza kuleta magari.

Wanzala alimfunza mambo mawili kabla ya kuondoka. La kwanza, msumari ukitoka kwenye taya unawekwa kwenye kiganja cha mwenye gari, aushike mwenyewe. Mafundi wa pancha wana jina baya mjini hapa: ati wanamwaga misumari barabarani, ati wakiinamia taya yako wanaongeza tundu la pili ndipo walipwe mara mbili. Kwa hiyo kisu cha fundi hakigusi taya ya mteja mpaka mteja mwenyewe aseme gusa. Fundi akivunja sheria hiyo mara moja tu, amemwaga unga.

La pili lilikuwa kusoma tarehe. Ubavuni mwa kila taya kuna msururu wa herufi na namba ambazo watu hawana habari nazo, na mwisho wake kuna namba nne zilizofungiwa ndani ya yai dogo. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ukiona 3019, hiyo taya ilitengenezwa wiki ya thelathini, mwaka wa 2019. Basi, hakuna uganga hapo, mtoto wa darasa la tatu anaweza. Na mpira huzeeka hata ukiwa umelala. Unakauka, unakakamaa, unashika nyufa ndogo ndogo, uwe umetembea au haujatembea hata hatua moja. Ukifika miaka kumi, ni wa kutupa.

Tangu ajue kusoma hizo namba, Nekoye hana raha. Anasoma taya za magari yaliyokwama kwenye foleni. Anasoma za waumini nje ya kanisa huku ibada ikiendelea ndani, na siku moja mlinzi alimkuta amechutama nyuma ya gari la pasta akamshika mkono akidhani ni mwizi. Lakini hizo za magurudumuni angalau zinaonekana. Spea ndiyo inamnyima usingizi, kwa sababu imefichwa, na mwenyewe ana imani nayo kuliko zote nne.

Tena usidhani hasira hii ilimjia bure tu. Miaka mitatu iliyopita dereva mmoja wa teksi, kijana anayeitwa Alvin, mkazi wa Sarang'ombe, alimletea gari lenye taya iliyoharibika kabisa. Akatoa spea. Nekoye aliona tarehe: miaka kumi na miwili. Alifungua mdomo aseme, halafu akaufunga, kwa sababu wiki hiyo hiyo wateja wawili walikuwa wamemwambia kwamba yeye anapenda sana kutisha watu ili auze mitumba yake. Akaona bora anyamaze. Akaifunga ile spea, akajaza upepo, akasema safari njema. Ikapasuka mchana kweupe kwenye Southern Bypass, gari likabingirika, Alvin akakatwa mguu.

Siku hizi Alvin anauza mayai ya kuchemsha kando ya njia ambayo Nekoye hupita asubuhi. Humwita kwa mbali, akiwa ameegemea mkongojo, uso umejaa furaha. "Niaje, Mama Mitchelle! Leo utabeba mangapi?" Hajui kwamba Nekoye aliona. Nekoye hununua mayai asiyoyataka, kila siku ya Mungu, na Mitchelle amekula mayai mpaka ameyachukia.

Sasa twende kwenye Jumamosi yenyewe, Agosti ya mwaka huu wa 2025.

Mzee Muigai alizaliwa hapo hapo Kawangware, enzi ambazo ploti yake ilikuwa shamba la viazi. Sasa ana vyumba vya kupangisha, ana heshima zake, na ana gari moja la rangi ya fedha, Toyota ndefu yenye buti pana, ambalo huliosha kwa mkono wake mwenyewe. Mwanawe Kagiri alikuwa akioa msichana wa Ol Kalou, na Jumamosi hiyo ndiyo ilikuwa siku ya ruracio, ya kupeleka mahari. Upande wa bwana harusi unatakiwa uwe langoni kwa wakwe kabla ya saa sita. Ukichelewa unatozwa faini, na ukishalipa faini bado unasemwa mpaka wajukuu wazaliwe. Kagiri na magari mengine walikuwa wametangulia, wanangojea Uthiru. Lililobaki ni la mzee, lenye mablanketi ya mama mkwe na wazee watatu waliovalia makoti kwenye kiti cha nyuma. Mbele alikaa mkewe Waithira, amefunga kitambaa kipya kichwani.

Huyu Waithira ndiye aliyemwombea Nekoye nafasi ya kibanda miaka tisa iliyopita, mzee alipokuwa amekataa katakata. Kila saa nne humletea chai kwenye thamosi, anakaa juu ya taya, analalamikia magoti, anauliza habari za Mitchelle. Nekoye hana mama Nairobi, na huyu ndiye wa kumkaribia.

Saa moja na nusu gari lilipotoka getini, taya ya nyuma ilijikwaruza kwenye chuma kilichochomoza mtaroni. Ikachanika ubavuni. Taya ya kuchanika ubavuni haizibwi, hilo hata mzee analijua.

"Mama Mitchelle!" aliita kabla hata hajashuka. "Fanya haraka, funga spea twende. Wakwe wananingoja."

Nekoye alitoa mablanketi, akatoa kreti za soda, akafunua kapeti, akaitoa spea. Ilikuwa nyeusi tititi, na bado ilikuwa na nywele, vile vijimpira vyembamba vinavyosimama juu ya taya ikitoka kiwandani. Wazee walikuwa wameshuka kunyoosha miguu. Walipoiona walishangilia.

"Ona mali!" mmoja alisema. "Bado ina nywele!"

"Hiyo sijawahi kuiguza," mzee Muigai akasema, kifua mbele. "Hizo zingine nimebadilisha mara tatu, lakini hiyo niliiweka. Hiyo ni ya siku kama hii."

Nekoye alikuwa tayari anaijaza upepo, na huku anaizungusha kutafuta lile yai. Akalipata. 1109. Akasoma tena, akitumaini macho yamemdanganya. Akapitisha ukucha juu ya zile nywele, mbili zikakatika kavu kavu. Akaikandamiza kwa goti, na pale mashina ya meno yanapokutana na ubavu akaona nyufa zinafunguka, moja baada ya nyingine, kuzunguka taya nzima. Mayi wee!

"Mzee," alisema, "hii ni ya wiki ya kumi na moja, 2009. Ina miaka kumi na sita."

"Imelala miaka kumi na sita! Haijafanya kazi hata siku moja."

"Hata ikilala inazeeka, mzee. Ona hizi nyufa."

"Hiyo ni michoro ya kiwanda."

"Si michoro! Ebu inama uone."

"Mama, mimi nina miaka sabini na mbili, tena nimefanya kazi kila siku. Mbona sijapasuka?" Wazee waliangua kicheko, na mmoja akampiga mwenzake begani.

Nekoye alishika tena mpira wa kompresa. "Basi ngoja niongeze upepo mpaka hamsini. Ikistahimili, nitanyamaza zangu, nendeni."

"Hamsini? Ili uipasue halafu useme si nilisema?"

"Mzee, nisikilize. Kuna hii yangu hapa, saizi ni ile ile. Ni ya mtumba lakini ni ya 2021. Sitaki kitu. Enda nayo, urudi nayo. Hii yako uniachie hapa."

Alipomaliza kusema alisikia mwenyewe maneno yake yalivyokaa. Fundi wa pancha anakuomba umwachie taya yenye nywele, akupe ya mtumba, tena bure, kwa roho safi. Hata yeye asingekubali. Yule mzee aliyekuwa akicheka alikohoa kidogo.

"Sikia huyo," alimwambia mwenzake bila kupunguza sauti. "Kabla hatujafika Limuru atakuwa ameshaiuza."

"Basi ibebeni zote mbili!" Nekoye alisema. "Kwani mimi naitaka ya nini?"

"Yako haina ringi," mzee Muigai alijibu, sasa amekasirika. "Uanze kuing'oa hii iliyochanika, uanze kuivisha hiyo yako, saa ngapi? Spea iko tayari, kazi ni nati tano. Funga, ama nimwite mwingine afunge."

"Dakika kumi tu, mzee wangu."

"Dakika kumi umeshazimaliza na mdomo."

Waithira aliteremsha kioo. "Nekoye, mwanangu, funga tu twende. Mungu yuko." Alisema kwa upole, akarekebisha kitambaa chake kwenye kioo cha pembeni, na Nekoye akamwona hivyo hivyo, amekaa mbele, mkanda haujafungwa kwa sababu unambana, gari likipita kule Kimende ambako ukitoka barabarani unatokea bondeni. Yule mzee mwingine alishainama, ameshika spea kwa mikono miwili, anaibingirisha kuelekea gurudumuni.

Sijui niseme alifikiri. Sidhani alifikiri. Aliona mkongojo wa Alvin, akaona mayai yote aliyonunua kwa miaka mitatu, na mkono ukaenda kwenye kisu cha kukatia viraka. Akapiga hatua mbili, akakizamisha ubavuni mwa ile taya mpaka mpini.

Upepo ulitoka kwa kelele. Mzee aliyeishika aliiachia, ikaanguka.

"Umefanya nini?" mzee Muigai aliuliza, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nimeitoboa."

"Umetoboa taya yangu?"

"Kwa sababu hamskii!" Nekoye alipiga kelele, machozi yakamtoka kwa hasira. "Mtu anasema, anaonyesha, anabembeleza, na nyinyi mnacheka tu! Hamskii!"

Wee! Kama kuna neno linalosafiri haraka Kawangware ni hilo. Fundi ametoboa taya ya mzee! Watu wa bodaboda waliacha pikipiki zao wakaja mbio, wauza mboga wakasimama juu ya viti, na mmoja alikuwa ameshaokota jiwe. Kila mtu alikuwa na hadithi yake ya pancha isiyoeleweka, na kila mtu alikuwa amempata mwizi wake leo. Waithira alishuka, magoti na yote, akasimama mbele ya Nekoye, akanyoosha mikono.

"Mtu asimguse! Afunge hiyo yake, sisi tumechelewa. Mengine tutayasema tukirudi."

Nekoye alivisha ile taya ya mtumba, umati mzima ukimhesabia kila nati. Ilichukua dakika kumi na mbili. Hakuna aliyemwambia asante, na yeye hakutarajia. Mzee aliingia garini bila kumtazama.

Gari lilipopotea kona, Nekoye aliketi akaitazama ile spea iliyokufa. Ndipo akili ikamrudia na ikamletea habari mbaya. Ushahidi wake wote ulikuwa umeisha. Taya iliyotobolewa kwa kisu inaonyesha kisu tu, haisemi ingepasukia wapi. Angenyamaza, halafu ipasuke yenyewe pale Uthiru, kwenye foleni, gari likienda pole pole, mtu asiumie hata kidole, leo angeitwa nabii. Lakini nani angemhakikishia ingepasukia Uthiru? Aliwaza hivyo kutwa nzima, akajilaumu, akajitetea, akajilaumu tena, mpaka kichwa kikamuuma. Siku hiyo alikuja mteja mmoja tu, wa baiskeli.

Jumapili jioni msafara ulirudi. Ruracio ilikuwa imefana, walifika langoni saa sita kasoro kumi, wakwe wakapokea kila kitu kwa vigelegele. Jumatatu asubuhi Nekoye alikuta ile spea imetundikwa kwenye geti la ploti, kwa amri ya mzee, tundu la kisu likitazama barabara. Waliopita walisimama, wakazigusa nywele kwa vidole, wakatikisa vichwa. "Ai! Mpya kabisa! Watu wana roho mbaya jamani."

Saa nne mzee Muigai alitoka na kiti chake, akakaa mbele ya kibanda. Watu wakajaa bila kuitwa. Waithira alisimama kando ya gari, hana thamosi leo.

"Mimi si mtu mbaya," mzee alianza. "Umekaa hapa miaka tisa. Mimi nataka kitu kimoja. Sema mbele ya hawa watu kwamba taya yangu ilikuwa nzima, na wewe ulitaka kuuza yako. Ukisema hivyo yaishe, uendelee na kazi. Ukikataa, leo leo utoe vitu vyako."

"Sema, mwanangu," Waithira alimnong'oneza. "Ni maneno tu."

Na kweli yalikuwa maneno tu. Nekoye aliyapanga kichwani. Mahali pengine pa kuweka kompresa hana. Kuanza upya huko Kambi Muru, Kibera, ambako kila kona ina fundi wake, ni kukaa miezi bila mteja, na Mitchelle anarudi shule wiki mbili zijazo. Alijiambia, sema, Nekoye. Sema ule.

"Naomba msamaha kwa kuitoboa," alisema, na hilo lilitoka vizuri, kwa sababu lilikuwa kweli. "Sikufaa kuishikia kisu. Nimekosa, mzee."

"Vizuri. Na ilikuwa nzima?"

Watu wa bodaboda walizima pikipiki zao wasikie.

"Ilikuwa na miaka kumi na sita," Nekoye akasema.

Watu walipumua kwa pamoja. Mzee Muigai aliinuka. "Tumeenda, tumerudi. Unatuona?"

"Nawaona."

"Tumepita Kimende, tumepita Njabini, hata upepo haukupungua. Hatukupata hata pancha. Sasa hiyo ajali yako iko wapi? Nionyeshe!"

Nekoye aliwatazama, mzee na mkewe, wazima wote wawili. Angewaonyesha nini? "Mlienda na yangu, mzee," alisema.

"Kwa hivyo nikushukuru?"

Nekoye alichukua spana. Alianza kufungua mabati.

Mchana mkokoteni ulikuwa umejaa. Kompresa juu, jeki pembeni, beseni limefunikwa juu ya kila kitu. Mzee alikuwa amenunua taya mpya Ol Kalou na tayari ameifungisha kwa fundi mwingine. Ile ya mtumba ya Nekoye aliitupa ndani ya buti mbele ya macho yake.

"Hii naishika," alisema. "Umeharibu spea yangu, hii yako itakuwa spea. Naona iko sawa tu. Itakaa."

Itakaa! Nekoye alikuwa ameshashika mkokoteni, ameapa moyoni kwamba hatafungua mdomo tena mbele ya mtu huyu mpaka kufa. Akapiga hatua moja. Akapiga ya pili. Akasimama, akageuka.

"Mzee, hiyo ni ya 2021, wiki ya arobaini," alisema. "Ikifika 2031 uitupe. Hata kama haijaguza lami. Tafadhali, uitupe, uweke ingine."

"Ngai!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma ya umati. "Bado anauza!"

Kicheko kilichopigwa hapo kilisikika mpaka kituo cha magari. Mzee Muigai alicheka akishika kiuno, watu wa bodaboda wakacheka wakipigana mabega, na Waithira naye, ambaye alikuwa amejaribu kujizuia, alishindwa. Alicheka mpaka machozi, mpaka akashika mlango wa gari asianguke. Nekoye alimtazama akicheka, kisha akainama akausukuma mkokoteni.